Hatua Kumi Nyuma ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja Sydney kwa miezi mitatu, akakaa mwaka na miezi minne. Alikuja kumpokea mjukuu. Mjukuu akazaliwa, akaota meno, akasimama dede, na bibi yake bado yupo, maana ndege zilikuwa zimesimamishwa na mipaka imefungwa. Sikumlaumu yeye wala mtu mwingine. Ila anayezijua mila za kwetu, upande ule wa ziwa unaokaribia Kenya, atanielewa nikisema kwamba korona ilinikuta na mtihani wangu wa pembeni.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawana ugomvi, ni heshima tu, tena heshima kubwa kuliko zote. Simpi mkono. Sili naye meza moja. Simpiti mbele njiani, simtazami usoni, na mwili wake siugusi hata kwa bahati mbaya. Akiwa na neno na mimi analipitisha kwa mtu wa tatu, nami najibu kupitia kwa mtu huyohuyo, hata kama sote tumekaa mahali pamoja na kila mmoja anasikia. Huyo mtu wa tatu si lazima awe na busara. Kinachotakiwa ni awepo. Kwenye boma lenye nyumba nne na uwanja katikati, mambo haya huwa mepesi, na mtu anaweza kuishi jirani na mkwewe miaka mingi bila tabu. Sisi tulikuwa mtaa wa Westmead, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na choo kimoja.

Mtu wetu wa tatu alikuwa mke wangu, lakini mke wangu ni muuguzi, na mwaka ule wauguzi walikuwa hawaonekani nyumbani. Kwa hiyo kazi ikamwangukia mtoto. "Mwambie baba yako chakula kipo jikoni," mama mkwe alikuwa akimwambia binti yetu wa miezi mitatu, aliyelala fofofo. Nami namwambia huyohuyo aliyelala, "Mwambie bibi asante, nitakula." Mke wangu akitukuta hivyo alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Yeye amezaliwa kulekule kwetu lakini amesoma Dar es Salaam, na mila anazichukua kama mtoto anavyochukua peremende kwenye kopo, anachagua rangi.

Halafu kulikuwa na suala la kukohoa. Kwetu mwanamume akikaribia mlango ambao mama mkwe yupo ndani yake, anakohoa kidogo, ili aliyeketi ovyo ajiweke sawa. Mimi naendesha lori la makontena kutoka bandari ya Port Botany, natoka alfajiri na kurudi mchana, na kila niliporudi nilisimama kwenye korido nikakohoa mara mbili kabla ya kuingiza ufunguo. Hiyo ilikuwa sawa mpaka ulipofika mwezi ambao kila mtu alikuwa anaogopa hata kupiga chafya. Mzee wa mlango wa pili akaanza kufunga mlango wake kwa kishindo akinisikia. Siku moja nikakuta karatasi chini ya mlango wetu, imeandikwa kwa upole sana, ina anwani ya kituo cha kupima. Sasa jaribu wewe kumweleza Mwaustralia kwamba hukohoi kwa ugonjwa, unakohoa kwa adabu. Nikaacha, nikawa natikisa funguo.

Nacheka sasa. Wakati ule sikuwa nacheka sana, kwa sababu mwishoni mwa mwaka wa kwanza baba mkwe alifariki. Alianguka asubuhi, jioni hayupo. Walisema ni changamoto ya kupumua, na kipindi kile nyumbani jina lenyewe la ugonjwa lilikuwa halitajwi. Maiti kwetu haikai. Tiketi tuliyompatia mama ilikuwa ya siku ya tisa, nayo ikafutwa. Tukazika kwa simu. Binamu alishika simu kule makaburini, na sisi tukakaa sebuleni Westmead, mama kwenye mkeka, mke wangu katikati na simu mkononi, mimi kwenye kiti cha mlangoni nikiwa nimeegemea ukuta. Jeneza lilipoanza kushuka, mtandao ukakata. Uliporudi tuliona viatu vya watu, na udongo umeshajaa.

Mama hakupiga yowe. Aliuliza tu, "Wameshamaliza?" Mke wangu akasema wameshamaliza.

Tangu siku hiyo mama akawa anadonoa chakula. Alikuwa anasimama dirishani akiangalia maegesho ya magari, saa nzima, wakati mwingine mtoto mgongoni. Kila ilipotajwa habari ya kurudi nyumbani, mke wangu ama alilia ama alitoka chumbani. Aliomba viza ya mama iongezwe, ikaongezwa, akaomba tena. Kazini kwake alikuwa ameona watu wakifa peke yao, yeye ndiye aliyeshika tableti ili ndugu waage kwa video, na alikuwa ameapa moyoni kwamba mama yake hatamwachia aende. Tena sheria ya wakati ule ilikuwa hivi: mama angeweza kuondoka, lakini sisi raia tusingeruhusiwa kumfuata bila kibali, na tukitoka, kurudi ni bahati. Nilijua mama anataka kwenda. Asingejua nani? Lakini mkwe hana mdomo kati ya mama na binti yake, na kusema kweli jambo hilo lilinifaa. Ni rahisi mtu kuuita uoga wake heshima.

Mwaka wa pili, kabla ya ile lokidauni ndefu ya Sydney, kulikuwa na miezi michache ambayo majimbo yalifunguliana milango. Mke wangu akalazimishwa kuchukua likizo yake. Mimi nilipendekeza milima ya hapo jirani, twende asubuhi turudi jioni. Akakataa. Alisema mama anahitaji mahali ambapo jicho halikutani na ukuta. Ndivyo tulivyojikuta kwenye ndege, barakoa usoni, kuelekea katikati ya bara, halafu saa tatu kwenye gari la kukodi, barabara imenyooka na udongo mwekundu kila upande. Mama alikaa nyuma na mtoto. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilimsikia akisema na mtoto mambo yasiyonihusu. Alikuwa anamwonyesha ngamia.

Tulipanga kibanda cha mbao karibu na hifadhi yenye korongo linalosifiwa sana, na asubuhi iliyofuata tukaenda kwenye korongo lenyewe. Nilikuwa nimeona picha, lakini picha ni uongo. Unafika kwenye maegesho, unaona kilima cha mawe tu, cha kawaida, unajiuliza watu wanasifia nini. Pale pana ubao wenye ramani. Njia moja inafuata kijito kikavu chini bondeni, fupi, ya watu wenye watoto. Nyingine inapanda, inazunguka ukingo wote wa korongo na kushuka upande wa pili, kilomita sita. Mke wangu akachagua ile fupi. Mama akainua uso. Juu kabisa, kwenye ncha ya kilima, kulikuwa na watu wadogo kama siafu, wanasonga mstari mmoja.

"Wale wamefikaje kule?" akauliza.

"Wamepanda, mama. Ngazi za mawe. Ni kali sana," mke wangu akasema.

"Basi na mimi napanda."

Alikuwa amevaa kitenge juu ya suruali ya mazoezi ya binti yake, na raba za binti yake zilizompwaya, kajaza soksi mbili. Umri wake ni miaka sitini na kitu. Kwao ni nchi ya mawe, yale majabali yaliyopandana kando ya ziwa, na alipoanza kupanda niliona kwamba miguu yake inayajua mawe kuliko yangu. Mke wangu alimfuata na mtoto mgongoni, mimi nyuma yao wote. Nusu ya kilima mtoto akatapika maziwa yote shingoni kwa mama yake, akatapika tena. Tukasimama. Mke wangu akajifuta, akamgusa mtoto kipaji, akasema hakuna homa, ni kutikisika tu, lakini anarudi naye chini.

"Turudi wote," nikasema.

Mama alikuwa ameshapanda ngazi nyingine tatu. Akasema bila kugeuka, "Nenda umpumzishe mtoto, mwanangu. Mimi naendelea."

Mke wangu akanitazama. "Nenda naye."

"Peke yetu?"

"Sasa unataka aende alone? Baba, please. Ameomba kitu kimoja tu mwaka mzima."

Basi nikapanda. Nilimwachia nafasi ya hatua kumi, nikazipima kwa jicho kama ninavyopima nafasi ya lori barabarani. Akisimama, nasimama. Akikaa kupumzika, nageuka naangalia upande mwingine. Mtu wa tatu alikuwa ameshuka kilima na matapishi shingoni, na kwa hiyo hapakuwa na neno lolote la kusemwa, si "pole", si "angalia hapo", si "kunywa maji". Wazungu waliotupita walitusalimia, kwanza yeye, halafu mimi, na niliona wanavyojiuliza kama tunafahamiana.

Huko juu ndiko nilikonyamazishwa. Kilima kile si kilima. Ni dari ya nchi nyingine. Majiwe ya mviringo yamepangana kama vichuguu, mamia kwa mamia, njia inapita katikati yao kama uchochoro wa mji ambao watu wake wamehama. Chini ya miguu, mwamba una mikunjomikunjo ileile inayoachwa na maji kwenye mchanga wa ufukweni. Ubao mmoja ulieleza kwamba hapo palikuwa na maji zamani ambazo akili haizifikii. Mama aliinama akaipapasa ile mikunjo kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Nilitamani kumweleza ubao unasema nini, lakini sikuwa na wa kumpitishia.

Halafu uchochoro unafunguka na unajikuta ukingoni. Upande wa pili wa korongo ni ukuta mmoja mtupu, mwekundu na wa chungwa, na pale ulipomeguka karibuni ni mweupe. Umekatwa wima, kama mkate uliokatwa kwa kisu kizuri. Chini kabisa ni vilele vya miti. Hakuna uzio. Kuna vibao tu, vinakuomba ukae mbali na ukingo, na pembeni kuna sanduku la kushtulia moyo uliosimama, ambalo kwa mtu mwenye roho nyepesi kama mimi si faraja.

Mama alivipita vile vibao. Alisogea mpaka hatua mbili kutoka kwenye hewa tupu, akasimama, mikono nyuma, kitenge kinapigwa na upepo. Nikasubiri arudi. Hakurudi. Alikuwa anaangalia chini vilevile alivyokuwa anaangalia maegesho kutoka dirishani Westmead, na nikakumbuka sahani anazozirudisha zimejaa. Niliogopa. Sijui kama nilikuwa na haki ya kuogopa nilichokiogopa, na sijawahi kumweleza mke wangu mpaka leo. Sikuweza kumwita, na mkono kumshika ndiyo kabisa. Nikafanya nilichokijua. Nikakohoa, mara mbili, kwa nguvu.

Alirudi nyuma hatua tatu, akakiweka kitenge vizuri. Kijana na mpenzi wake waliokuwa wanapiga picha karibu nami wakapandisha barakoa zao na kwenda kutafuta mandhari nyingine.

Tukaendelea. Njia inaambaa na ukingo, inakupeleka kwenye jukwaa moja la mawe hadi jingine, kila mahali korongo linajionyesha upande ambao hukuuona. Jua lilikuwa limepanda lakini hewa bado baridi. Nzi walitufuata kama jamaa. Nilianza kuona kwamba mama hapumziki kwa kuchoka. Alikuwa anasimama kila palipokuwa na mwonekano mrefu, anageukia upande mmoja, uleule, magharibi na kaskazini kidogo, anatazama, kisha anaondoka. Ilinichukua vituo vitatu kuelewa. Alikuwa anajaribu kukisia nyumbani ni wapi.

Mbele kidogo njia inafika kwenye ufa unaokata mlima, na ngazi za mbao zinashuka ndani yake. Ni ndefu, zimening'inia ukutani mwa mwamba, na kati ya ubao na ubao unaona mpaka chini. Kupanda mama hakuwa na shida. Kushuka ndiko magoti yake yalikomsaliti. Alishuka ngazi nne, akashika reli kwa mikono miwili, akakaa.

Nilisimama juu. Hatua kumi. Nyuma yangu wakaja mume na mke wa makamo, wenye fimbo za kutembelea, wakasubiri kwa adabu, kisha yule bwana akaniambia mbona simpi mama yangu mkono. Nikasema si mama yangu. Akanitazama vibaya sana. Mke wake akauliza kama mama angependa kusaidiwa, na mama, ambaye hajui Kiingereza, alipoona mzungu anamwinamia na barakoa, akazidi kuishika reli. Wakapita kwa kubanana, yule bwana akinong'ona jambo ambalo nilikuwa na hiari ya kutolisikia. Niliionea aibu mila yangu, kisha nikaona aibu kwa kuona aibu. Nilikasirika pia. Nilimkasirikia mke wangu, maziwa ya mtoto, korona, na huyu mwanamke mkaidi aliyetaka kupanda mlima kwa raba za watu.

Ndipo akatokea mwanamke mmoja na wageni wanne nyuma yake. Alikuwa mwenyeji wa nchi ile, mweusi, mtu ambaye wazee wake walikuwa pale kabla jina la Australia halijatungwa. Kofia pana, shati la kuongozea watalii, mvi chache. Alisimama. Alimwangalia mama kule chini kwenye ngazi. Aliniangalia mimi juu, nimegeuza uso, mikono nimeificha nyuma. Akawaambia wageni wake wapumzike kidogo. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza, sauti ya chini, bila kunitazama machoni.

"Yule mama mkwe wako?"

Nikasema ndiyo. Nikamuuliza amejuaje.

"Umesimama kama kaka zangu wanavyosimama," akasema. "Na sisi ni hivyohivyo. Mtu hasemi na mama mkwe wake, hamsogelei. Wewe geukia kule."

Nikageukia kule. Miaka tisa nilikuwa nimekaa katika nchi hii, nimeapa uraia, nimeendesha lori kutoka bandarini mpaka mpakani mwa jimbo la Victoria, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna watu humu ambao wangenielewa bila maelezo. Nilisikia hatua zake zikishuka, nikasikia akisema kitu kwa lugha yake, na mama akijibu kwa lugha yetu, si Kiswahili hata, lugha ya nyumbani kabisa. Hakuna aliyemwelewa mwenzake. Wakashuka pamoja, ubao kwa ubao, wakiongea njia nzima.

Chini ya zile ngazi, ndani kabisa ya korongo, kuna dimbwi la maji na miti ya kijani ambayo huitegemei jangwani. Nilipofika walikuwa wameketi kwenye jiwe, mama na yule mwongozaji, bega kwa bega. Wageni walikuwa mbali kidogo wanakula matunda makavu. Nikatafuta mwamba wangu, nikakaa nikiwa nimewapa mgongo. Maji yalikuwa yametulia kabisa.

Mama akaanza kusema, kwa Kiswahili sasa, polepole, ili mimi nisikie vizuri.

"Dada yangu, nakuomba umwambie mkwe wangu. Mwambie nimekaa kwake mwaka na zaidi, sijalala njaa hata siku moja. Mwambie amenitunza, na Mungu anaona. Sina kinyongo. Lakini mwambie mume wangu amelala kule na mimi sijaona alipolazwa. Wenzangu wameshaondoa matanga, mimi bado niko msibani, niko msibani peke yangu dirishani. Mwambie binti yangu ananipenda mpaka amenifungia mlango. Nikimwambia yeye, analia, na akilia nanyamaza, kwa sababu mimi ni mama yake. Basi mwambie mkwe wangu aseme yeye."

Yule mwongozaji alikuwa anaitikia kwa kichwa kila mahali panapotakiwa kuitikia. Alipoona mama amemaliza, akaniuliza amesema nini. Nikamweleza, nikiangalia mwamba wangu.

Kisha akasema kwamba mwaka uliopita barabara za kuingia kwenye jamii zao zilifungwa ili ugonjwa usifike kwa wazee, na ilikuwa sawa kuzifunga, wazee wako hai. Lakini alikosa msiba wa dada yake. Ni safari ya saa tatu tu kwa gari. "Nimeshaenda kaburini mara nyingi tangu wakati ule," akasema. "Bado najiona kama nimechelewa."

Sikumtafsiria mama maneno hayo. Nilisema, kwa Kiswahili, kumwambia yule mwanamke asiyejua Kiswahili, "Mwambie mama nimesikia. Mwambie leo hii nitasema."

Akamgeukia mama, akaitikia kwa kichwa. Mama akamshika mkono.

Njia iliyobaki nilitembea mbele. Mwongozaji alikuwa amemchukua mama katika kundi lake, akaniambia nitangulie, nikaona ni busara. Tulipanda upande wa pili, tukapita ukingo wa kusini ambako ule ukuta uliokatwa unauona kwa ubavu, tukateremka taratibu mpaka maegesho. Sikumbuki sana mandhari ya upande ule. Nilikuwa natunga sentensi na kuzifuta.

Alasiri hiyo mke wangu alikuwa kwenye kibaraza cha kibanda chetu, mtoto mapajani amepona, anakula biskuti. Mama alikuwa ndani amejinyoosha, mlango wazi. Nilikaa kwenye ngazi ya kibaraza. Nikasema, "Mama anataka kurudi nyumbani."

Mke wangu hakuinua uso. "Nani kakwambia?"

"Yeye."

"Mama haongei na wewe."

Nikamweleza, ngazi, yule mwanamke, maji, yote isipokuwa lile la ukingoni. Aliendelea kumfuta mtoto mdomo, mdomo ambao ulikuwa umeshakuwa safi.

"Haya siyo mambo yako," akasema. "Wewe ni mkwe. Heshima yote ile ya mwaka mzima, leo ndiyo umepata mdomo?"

"Nimetumwa."

"Huko hakuna oxygen, unaelewa? Kila siku naona kwenye group, leo jirani, kesho shangazi ya mtu. Mimi ndiyo najua mtu anavyokufa kwa hiki kitu, wewe hujui. Akiugua siwezi kumfikia. Hata nikipata exemption ya kutoka, hata nikipata flight, nafika wameshazika." Akaacha kumfuta mtoto. "Nikimwachia aende, nitamzika kwenye simu, kama nilivyomzika baba."

Mke wangu alikuwa na haki katika kila neno. Nilikaa pale kwenye ngazi nikiwaza kwamba nimefanya kosa kubwa, kwamba ningenyamaza tu kama nilivyozoea.

Sauti ya mama ikatoka ndani, haikupanda, haikushuka.

"Utanizika kwenye simu, mwanangu. Haidhuru. Lakini baba yako nimwekee udongo kwa mkono wangu."

Mtoto alidondosha biskuti, akaiangalia. Mke wangu alilia palepale, bila kuficha uso, kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono akaniomba simu yangu, yake ilikuwa haina chaji, akaanza kutafuta ndege.